Gazi Iliyolala Chini Salamabila

Siku yangu ya kwanza kazini sikupewa ufunguo wala koleo. Shefu wa atelie yetu, karakana ya frigo, yaani majokofu, pale Kasongo, mtu mrefu mwenye kombinezo ya buluu iliyochanika magotini, aliniwekea mkononi taa ndogo ya shaba. Chini yake kulikuwa na kichupa cha alkoli, na ubavuni ulining'inia mpira mwembamba kama mkia. Aliiwasha. Mwali ukatoka buluu, umetulia. Akaniambia nitembee nao polepole nyuma ya frigo zilizopangwa ukutani, nikipitisha ncha ya ule mpira kwenye mabomba ya kila moja, bila kusema neno.

Nikatembea. Frigo za mwanzo mwali ulibaki vilevile. Kisha, nyuma ya frigo moja nyeupe iliyoletwa na mfanyabiashara wa sokoni, mwali ukageuka kijani. Hakuna mlango uliofunguliwa, hakuna upepo, hakuna harufu. Rangi tu ndiyo iliyobadilika mbele ya macho yangu, kijani cha majani mapya, na nywele za shingoni zikanisimama.

"Umeona?" Shefu akauliza kutoka nyuma yangu.

"Nimeona, Shefu. Ni nini?"

"Ni gazi. Iko inatoka hapo toka jana. Asubuhi yote weye ulikuwa unapita karibu yake, haukujua. Hii kazi yetu ni ya kitu mutu hawezi kuona. Kama unaogopa, rudia kwenu sasa."

Sikurudi. Nilikaa kwenye kazi hiyo mpaka mvi zikanijaa, na watu wa Kasongo wakaacha kuniita Ramazani, wakaniita Papa Frigo. Ninyi mnaotengeneza frigo siku hizi mna simu zinazowaonyesha kila kitu, lakini bado mnakuja kibarazani kwangu kuniuliza gazi ipi ni bora kuliko nyingine. Nitawaeleza nilivyozijua, kila moja na tabia yake. Pia nitawaeleza habari ya Salamabila, kwa sababu mmeisikia kwa watu ambao hawakuwapo.

Kwanza mwelewe hiyo gazi, yaani gesi, inafanya nini. Maji yanataka moto wa jiko ili yachemke. Gazi ya frigo huchemka hata penye barafu. Ikichemka ndani ya mabomba ya evaporatere, lile bati lenye barafu ndani ya frigo, hunyonya joto la nyama na maziwa. Kompresa, yaani ule moyo mweusi unaonguruma chini, huivuta na kuikandamiza. Inapita kwenye wavu wa nyuma, inatoa lile joto, inarudi kuwa maji, inapenya bomba jembamba kama unyasi liitwalo kapilari, na safari inaanza upya. Frigo haitengenezi baridi, inahamisha joto tu. Gazi ndiyo mbebaji.

Mbebaji wa ujana wangu alikuwa R12. Ilikuwa gazi pole: haiwaki moto, haina msukumo mkubwa, inapatana na mafuta ya kawaida ya kompresa. Ndugu yake mwenye nguvu ni R22, ya vyumba vya baridi na klima, yaani viyoyozi. Hiyo inasukuma zaidi na inashuka kwenye baridi kali zaidi. Ukiitia ndani ya frigo iliyotengenezwa kwa R12, kompresa italia kama mtu aliyebebeshwa mzigo wa punda. Zote mbili taa yetu iliziona, kwa sababu zina klorini ndani yake, na klorini ikipita juu ya shaba yenye moto ndiyo inayoleta ile rangi ya kijani.

Baada ya atelie nilipelekwa hospitali. Huko nilikutana na amonia. Ilikuwa ndani ya frigo za chanjo zinazofanya kazi kwa taa ya petroli, yaani mafuta ya taa. Frigo hizo hazina kompresa wala hazitumii kuran, yaani umeme. Unawasha kitaa kidogo chini yake, na juu inapatikana barafu. Hata leo, nikifikiri kwamba tulikuwa tunawasha moto ili tupate baridi, naona ni jambo la ajabu. Siku moja mtu alikwangua barafu kwa kisu, akatoboa bomba. Harufu ya amonia ilitushika macho na koo kama mkono wa mtu, na chumba kizima kikatoka mbio, wagonjwa na waganga, wote wazima. Nilipomsimulia Shefu, hakucheka.

"Amonia inapigaka kelele kwanza," alisema. "Kabla haijakuumiza, iko inakufukuza. Ogopa ile inanyamaza."

Hospitali ilikuwa pia na chumba cha maiti chenye mashine ya R22. Waislamu wa mjini hawakukitumia sana, maana wao huzika mapema. Waliolazwa mule walikuwa wale wanaongoja ndugu kutoka mbali. Nilizoea kufanya kazi kati yao. Kitu ambacho sikukizoea ni sauti ya evaporatere baada ya mashine kuzimwa. Mapezi ya bati yakianza kupata joto hupiga ta, ta, ta, taratibu, kama kucha juu ya meza. Daktari Mkurugenzi, mtu wa maneno machache, alinikuta siku moja nimesimama nasikiliza.

"Ni bati, Ramazani," akasema.

"Najua ni bati, Dokta."

"Na mimi najua. Lakini bado nasikiliza."

Kisha ukaja wakati wa R12 kukatazwa. Walituita kwenye mafunzo, wakatueleza kuwa juu sana kuna tabaka la ozoni linalotukinga na ukali wa jua, na kwamba klorini ya gazi zetu ilikuwa inalila. Shefu alikuwa mzee tayari. Alitoka nje ya ukumbi, akatazama juu kwa muda mrefu.

"Nilidhani inaisha," alisema. "Kumbe ilikuwa inapanda."

Ikaletwa R134a badala yake. Haina klorini, kwa hiyo ozoni haiigusi, ingawa inazidisha joto la dunia. Haipatani na mafuta ya zamani, inataka mafuta yake yenyewe, na mafuta hayo hunywa unyevu wa hewa kama sifongo. Ukiacha bomba wazi wakati wa mvua umeharibu kazi. Na taa yetu ya shaba haiioni. Unaipitisha palepale inapovuja, mwali unabaki buluu kana kwamba hakuna kitu. Tulirudi kwenye maji ya sabuni na mapovu.

Sasa frigo ndogo nyingi zinazoletwa zina alama ya moto mgongoni. Hiyo ni R600a, ndugu ya gazi ya kiberiti cha kubonyeza. Inatiwa kidogo sana, haina msukumo, haigusi ozoni, na ni nyepesi kwa kompresa. Kwa frigo ya nyumbani sijaona iliyo bora. Lakini inawaka. Usipeleke shalumo, mwali wa kuungia mabomba, karibu yake kabla hujaitoa yote nje na kufungua madirisha. R290 ni hivyohivyo, ila ina nguvu zaidi. Klima mpya zina R410A, yenye msukumo wa kutisha, au R32, ambayo nayo inaweza kushika moto. Hizo mtazijua vizuri kuliko mimi.

Lipo jambo moja ambalo karibu zote hizi zinalo pamoja, na ndilo lililonipeleka kwenye habari ninayotaka kuwaambia. Ukiacha amonia, ni nzito kuliko hewa. R22 ni nzito karibu mara tatu. Ikitoka, haipandi mara moja. Inashuka, inatafuta mahali pa chini, inalala.

Nilikuwa nimeshaacha hospitali, nikawa fundi wa kuitwa. Ujumbe ulitoka Salamabila, kule kwenye dhahabu, kwa mfanyabiashara mwanamke aliyeitwa Mama Zamunda. Aliuza samaki na kuku wa barafu kwa wachimbaji. Chumba chake cha baridi kilikuwa hakishiki baridi tena. Motari, dereva wa pikipiki aliyenibeba kutoka Kasongo, alikuwa mtu wa masimulizi njia nzima, lakini tulipofika uani kwa Mama Zamunda alinyamaza. Aliteremsha mfuko wangu wa vyombo barabarani, mbali na nyumba. Nikamwambia anisaidie mpaka mlangoni.

"Hapana, Papa. Miye naishia hapa."

Mama Zamunda alitoka kunipokea. Mwanamke mnene, mwenye sauti nzito, si mtu wa kuogopa ovyo.

"Karibu, Papa Frigo. Nakuambia mbele, kusudi usiseme nilikuficha. Kile chumba kilikula mutu."

Chumba chenyewe kilichimbwa ndani ya kilima, kikajengwa kwa mawe na sementi. Unafungua mlango, unashuka ngazi chache, unafika sakafuni. Wazo lilikuwa zuri, maana udongo wenyewe ni wa baridi. Mashine ilikaa nje juu, chini ya bati. Fundi aliyenitangulia hakutafuta uvujaji. Kila baridi ilipopungua aliongeza R22 nyingine. Tena chupa zake, zile za kijani kibichi hafifu, alizipanga chini mule ndani ili jua lisizipashe moto.

Mlinzi wa chumba aliitwa Selemani, kijana wa nguvu. Siku ya joto kali alishuka kupumzika sakafuni. Walimkuta amelala ubavu, mkono chini ya shavu, bila jeraha, bila povu, uso wa mtu anayeota ndoto nzuri. Baadaye mbuzi wa jirani aliingia, akakutwa vilevile. Kisha kuku waliofuata chembe za mchele, wamelala wote pamoja, mabawa yamekunjwa. Wafanyakazi wakakimbia. Pasta alikuja kuomba mlangoni, na shehe naye akaja akasoma mlangoni. Wote walisimama juu, hawakupatwa na kitu. Watu wakasema kilichomo ndani kinaheshimu watu wa Mungu.

"Na ule ni nani?" nikauliza. Kando ya mlango alikaa mwanamke kijana, kitenge cheusi kichwani, hatutazami.

"Ni Feza. Muke wa Selemani. Kila siku anaingia, anakaa kwa ngazi ya chini, anaongea na bwana yake. Nimemukataza mpaka mudomo umechoka."

"Na haimfanyi kitu?"

Mama Zamunda alinitazama. "Anatoka amelewa, Papa. Analewa na hakunywa."

Niliwasha taa yangu ya shaba, nikashuka. Ilikuwa mchana, mlango wazi, mwanga unafika mpaka nusu ya ngazi. Kuta zilitoa jasho. Hapakuwa na harufu ya samaki wala ya kitu kingine chochote. Nilifika sakafuni, nikaona chupa zimepangwa ukutani, na evaporatere iliyotulia. Nilikuwa nimesimama, nikajisikia vizuri. Nikapiga magoti nitazame valvu za zile chupa.

Kichwa kikawa chepesi. Sikuogopa, na hilo ndilo linalonitisha mpaka leo. Nilijisikia kama mtu aliyefika nyumbani kutoka safari ndefu akakuta ametandikiwa. Kila kitu kiliniambia nikae. Sementi ilionekana laini. Nilitaka kuegemeza shavu langu pale kidogo tu.

Mwali mkononi ukawa kijani kikali, ukawa wa zambarau, ukajivuta juu kama unaotaka kuruka, ukafa. Na katika kufa kwake ulitoa moshi wa kuchoma, ule unaotoka R22 ikigusa moto, ukaniingia puani kama sindano. Ndio ulioniamsha. Nilipanda ngazi kwa mikono. Nilipofika juani nilitapika, na Feza alikuwa ananitazama sasa.

"Amekufukuza," akasema.

Mama Zamunda alimwita jirani aliyekuwa kiongozi wa shimo moja la dhahabu. Wachimbaji huwaita watu kama hao PDG. Alikuwa mzee wa umri wangu, mwenye vidole viwili vilivyopondeka. Tulifunga mshumaa kwenye kamba, tukauteremsha tukiwa tumesimama juu ya ngazi. Uliwaka ulipopita usawa wa kifua cha mtu. Uliwaka usawa wa kiuno. Karibu na magoti ukazimika ghafla, kana kwamba vidole vimeubana. Tukauwasha tena, ukazimika palepale. Kulikuwa na ziwa mule ndani, lina uso wake na kina chake, na hatukuona hata tone.

PDG hakushangaa. "Shiye kwa mashimo tunaijua hii. Tunasema hewa mubaya. Hiki ni kifo tu kimekaa."

"Ni R22," nikamwambia. "Valvu ya chupa moja haifungi. Imekuwa inatoka pole pole, inajaa chini kama maji kwenye beseni. Haina pa kupita."

Nilikwenda kwa Feza, nikachuchumaa mbele yake, nikamweleza yote, kama nilivyowaeleza ninyi. Nilimweleza kwamba Selemani alilala ndani ya gazi, akakosa hewa, hakuumia. Na kwamba yeye, akikaa ngazi ya chini, kichwa chake kinakuwa juu kidogo ya lile ziwa, anavuta kiasi cha kulewa, na mtu aliyelewa hivyo husikia mambo.

"Kwa hiyo unasema miye niko na wazimu."

"Hapana, mama. Nasema mule iko gazi."

"Gazi haijui jina yangu," akasema. "Ule ananiitaka kwa jina."

Nilisimama, nikamwonyesha kilima. Nikamwambia kwamba kesho wachimbaji watatoboa ukuta kwa upande wa chini wa kilima, gazi itoke, na chumba kitakuwa chumba tu. Alisikiliza mpaka mwisho. Akauliza, "Yote itatoka?" Nikasema yote. Akaitikia kwa kichwa, nikadhani amekubali.

Mimi na PDG tukazunguka nyuma ya kilima kupima mahali pa kuchimba. Tulikuwa tunabishana kuhusu jiwe moja tuliposikia Mama Zamunda anapiga yowe. Mlango ulikuwa wazi. Kitenge cheusi kilikuwa kimekunjwa vizuri juu ya ngazi ya kwanza, kama mtu aliyevua nguo kabla ya kuoga.

PDG alinifunga kamba kiunoni. Hakuniuliza kama naweza. "Ukikosa pumzi, vuta mara moja, tutakukokota," alisema. Nilivuta hewa mpaka kifua kikauma, nikaifunga, nikashuka.

Alikuwa amelala ubavu, mkono chini ya shavu, mahali palepale alipolala mumewe. Midomo yake ilikuwa inacheza. Nilimpitisha mikono chini ya kwapa, nikamwinua ili kichwa chake kitoke juu ya lile ziwa. Alikuwa mzito kuliko nilivyotegemea, mzito kama mtu anayeshikwa na mwingine. Nawaambia kama nilivyojisikia, sitaki kuongeza. Pumzi ilikuwa inanipasua. Nikavuta kamba. Watu wa juu wakavuta, tukapanda ngazi tunagonga magoti na viwiko, tukaangukia juani.

Feza hakuamka. Mama Zamunda alimpiga mashavu, akamwita, akamtukana, akalia. Hatimaye Feza alikohoa. Alifungua macho, akanitafuta kati ya nyuso zote.

"Kwa nini ulinitoa, Papa?"

Nilimwambia apumue. Ndilo neno pekee lililonijia.

Asubuhi iliyofuata PDG na watu wake walichimba. Niliagiza kila moto uzimwe upande wa chini wa kilima, kila jiko, kila sigara, maana R22 haiwaki, ila ikipita kwenye moto hutoa sumu. Watu walikusanyika juu, kwa mbali. Ukuta ulipotoboka usawa wa sakafu hakukuwa na sauti. Mchimbaji aliruka kando kama nilivyomwagiza, akapanda. Tukasimama tukitazama tundu jeusi ambamo hatukuona kitu kikitoka.

Mama mmoja alikuwa amesahau mbabula yake, jiko la makaa, uani pake chini ya kilima. Makaa yalikuwa mekundu, na kijimwali kidogo juu, kikilamba waya wa shaba ulioishikilia mbabula. Tuliona kijimwali kikiinama. Kikawa kijani. Kikalala kabisa, na makaa yakafifia, jicho moja baada ya jingine, kana kwamba mtu anayapita na kuyafunika kwa kiganja. Kisha ile harufu ya kuchoma ikatufikia kwa mbali, nikawapigia kelele wasogee juu zaidi.

Mtu nyuma yangu akasema kwa sauti ya chini, "Anapita."

Hakuna aliyemkemea. Wanaume walivua kofia. Kutoka kwenye ile mbabula mpaka kijito kulikuwa na mteremko wa majani, na nakumbuka watu waliokuwa wamesimama karibu nao walirudi nyuma pande zote mbili, wakaacha njia.

Feza alikaa kati ya Mama Zamunda na mimi. Alifuata ule mteremko kwa macho, polepole, mpaka kijitoni. Akageuka.

"Umemupeleka wapi?"

Nilijua uzito wa ile gazi, msukumo wake, baridi yake na mafuta inayoyapenda. Nilijua kwamba upepo wa bondeni utaitawanya kabla ya jua kuwa kali. Nilimtazama yule mwanamke, nikamvutia kitenge chake mabegani.

Niliziba chupa mbovu, nikazitoa zote nje kwenye kivuli. Nikaziba uvujaji wa bomba, nikatia gazi upya. Tulilifanya lile tundu kuwa dirisha dogo lenye wavu na kifuniko, linafunguliwa kabla ya mtu kuingia. Samaki wakarudi. Wafanyakazi nao walirudi baada ya kuona kuku wa jirani anaingia na kutoka. Mshumaa uliwaka mpaka sakafuni. Mama Zamunda alisema chumba hakikuwa tena na kitu. Hata hivyo alibisha hodi kila alipofungua, na sikumcheka.

Nimestaafu kwa sababu mikono inatetemeka, na mkono unaotetemeka haufai kuunga bomba la shaba. Mkiniuliza gazi ipi ni bora, nitawajibu: ile ambayo umeuliza kwanza inapokwenda ikitoka. R600a inatafuta moto. Amonia inatafuta macho yako. R22 na R134a zinatafuta mahali pa chini na mtu aliyechoka. Msihifadhi chupa shimoni. Msilale chini ya mashine. Mwenzako akianguka ndani, usimfuate bila kamba na watu wa kuvuta.

Mwaka jana nilikwenda Wamaza kwenye msiba wa shemeji yangu. Nikaambiwa Feza yupo, alirudi kwa wazazi wake, analima, ameolewa tena na ana watoto. Nilimkuta mbele ya nyumba yake anamenya karanga. Alinitambua kabla sijafika, akaniletea kiti. Tuliongea habari za mvua, za barabara, za Mama Zamunda aliyekwisha kufariki. Kisha akasema, bila kuinua macho kutoka kwenye karanga:

"Papa Frigo, haukuniulizaka hata siku moja alikuwa ananiambia nini."

"Niliogopa kuuliza, mama."

"Neno moja tu. Nikikaa pale kwa ngazi, ananiita jina. Feza. Halafu anasema: Toka." Akapasua ganda. "Kila siku vile. Feza, toka. Miye ndiye nilikataa. Ile siku nililala karibu yake, hakusema tena. Alikuwa ananisukuma."

Nimeishi na gazi maisha yangu yote. Najua kwamba ubongo uliokosa hewa hutengeneza sauti za watu tunaowapenda. Lakini mimi pia nilipiga magoti kwenye ile sakafu, na nilichosikia mule kilikuwa kitamu, na kilisema kaa, hakikusema toka.

Sikumwambia hivyo. Nilivuta kiti karibu na ungo, tukamenya karanga pamoja mpaka motari aliponiita.